Mama Alipowatua Waigizaji

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji hunirudisha kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Kanyenye, ingawa mimi si mtu wa kumbi. Safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka nyumbani hadi gengeni, na nikifika lazima nipumzike.

Nilikuwa darasa la tano. Kundi la waigizaji lilitoka Dar, kiingilio bure, nami nikambembeleza mama twende. Nilishawatambia wenzangu wa shule kwamba mama yangu ni mtu wa kujua mambo. Siku hiyo alikuwa ameshinda sokoni akiuza karanga. Alikaa kwenye benchi kama gunia lililoegemezwa.

Tukangoja hadithi. Haikuja. Waigizaji sita, kila mmoja na furushi kichwani, walizunguka ukumbi bila kusema wala kuimba. Tulisikia nyayo na pumzi tu. Wakazunguka tena, na tena.

"Hawa wanakwenda wapi?" aliuliza jirani yetu, fundi cherehani.

"Ujiji," akajibiwa kutoka nyuma. "Wamekosa nauli ya treni."

Watu wakacheka. Mama alikuwa anamtazama binti wa mwisho, ambaye shingo ilishaanza kutetemeka. Akainuka, akakaza khanga yake, akaenda katikati ya ukumbi.

"Lete nikutue, mwanangu."

Mnajua desturi yetu: mtu akifika na mzigo kichwani, hukai ukamtazama. Lakini hiyo ni ya nyumbani jamani, si ya ukumbini. Nikaziba uso, nikachungulia kati ya vidole. Binti alisita, akakunja magoti, mama akamshusha furushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Poleni na safari."

Igizo zima halikuwa na maneno mengine. Wale watano wakajipanga mbele yake, akawatua mmoja mmoja.

Njiani kurudi nyumbani Cheyo nilinuna. "Mama, lile lilikuwa igizo tu."

"Najua. Lakini mle ndani ya mafurushi wametia mchanga. Nimeushika."

Shuleni wakaniita mtoto wa mpagazi, yaani mbeba mizigo, jina likanikaa hadi kidato cha nne.

Sasa nina umri aliokuwa nao mama siku ile. Jioni nikirudi kutoka gengeni na kapu kichwani, nasimama kidogo mlangoni kabla ya kubisha hodi. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliinuka upesi vile. Aliijua namna mtu anavyosimama akiwa anangoja kutuliwa.