Kuku Waliokula Ukuta

Mpishi mstaafu wa shule ya bweni hakuwahi kumpa mtu chakula kibichi, na hakuona kwa nini aanze na kuku wake. Kila asubuhi aliwapikia uji mzito wa mahindi, akauonja, akaupepea kwa kifuniko upoe, ndipo akafungua banda. Kuku walishiba hadi wakasahau kuchakura, wakashinda kivulini wakisinzia.

Ila mayai yao yalikuwa aibu. Yalitoka laini, bila ganda, ukiyagusa yanapasuka. Mwanawe alipokuja kumjulia hali akayaona. "Mama, Jumapili ijayo naja na wakwe. Kama kuku hawa hawatagi la maana, waingie chunguni." Mama alicheka, lakini roho ilimuuma. Mumewe alishatangulia, watoto wana majiko yao. Kuku wakiisha angempikia nani?

Akaongeza uji.

Kesho yake jirani, fundi mwashi, alipiga hodi amefura. "Shemeji, kuku wako wananilia ukuta!"

"Kuku hali ukuta. Labda fundi alilipua kazi."

"Fundi ni mimi!"

Wakaenda kushuhudia. Kweli, kuku walikuwa wamejipanga kwenye ukuta mpya, wanadonoa chokaa kwa bidii ambayo uji haukuwahi kuiona. Fundi akajikuna kidevu, hasira zikampungua. "Usinielewe vibaya, shemeji. Chakula chako kimepungua kitu. Hawa wanatafuta chokaa ya kutengenezea maganda."

Maisha yake yote ya jikoni hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alinuna hadi jioni. Kisha akameza kiburi, akaomba maganda ya mayai kwa mwoka keki, akayakausha, akayatwanga yakawa unga, kuku wasije wakayatambua na kuzoea kula mayai yao wenyewe. Akawaongezea mchicha, akawaachia uwanja wajitafutie wadudu.

Jumapili wakwe walikaangiwa mayai yenye maganda magumu kwelikweli, na hakuna kuku aliyechinjwa. Mama alishukuru. Lakini Jumatatu banda lilipofunguliwa, kuku walimpita na sufuria yake, mbio majanini. Akabaki amesimama na mwiko, machozi yakimlenga.

"Shemeji," fundi aliita, akiziba matundu ya ukuta, "huo uji unaumwaga?"

Akamletea bakuli. Fundi akalikomba, akalirudisha.

"Kimepungua kitu?" aliuliza mama, kwa ukali.

"Bakuli la pili."