Mionzi Katika Beseni la Sambaza

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, sisi wa Nkanka huweka majembe chini na kufanya mkutano. Mwezi huo, kwa kuwa nchi inazungumzia umeme wa nyuklia, kiongozi wa kijiji aliniomba nieleze kidogo. Mimi husoma sana, na hupenda kuombwa.

Nilijipanga kama mtu wa redio: kwanza watu, halafu udongo, halafu maji. Nikawaeleza Chernobyl, ambako wakazi waliambiwa wanaondoka kwa siku chache na hawakurudi tena, udongo ukaachiwa mbwa mwitu. Nikawaeleza Fukushima, ambako wazee wengi zaidi walikufa kwa taabu ya kuhamishwa kuliko kwa mionzi yenyewe. Wengi wetu tumekulia ukimbizini Kongo, na habari ya kuondoka kwa siku chache tunaijua. Ningeketi hapo ningeheshimiwa hadi leo. Lakini maji yalikuwa bado. Nikasema wavuvi wa Fukushima walikosa wanunuzi hata samaki walipopimwa wakaonekana salama, kwa sababu mionzi haina rangi wala harufu, na hofu haina kipimo.

Nyuma yangu, dada mkubwa wa mke wangu alikuwa na beseni la sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizovuliwa usiku uliopita kisiwani Nkombo. Kila umuganda huziuza zote kabla jua halijakolea. Zikishapigwa na jua, hakuna anayezitaka. Mama mmoja akainama, akanusa.

"Maman, hizi hazina harufu."

"Ni mbichi. Ulitaka zinuke?"

"Papa huyu amesema ile sumu haina harufu."

"Amesema ya Japani."

"Maji si ni maji?"

Nikageuka kusaidia. Nikaeleza kwamba Ziwa Kivu halina mtambo wowote wa nyuklia, lina gesi tu huko chini.

"Iko na gesi?" akauliza mzee mmoja, akarudisha sambaza alizokuwa ameshachukua.

Shemeji akaniangalia. "Maliza basi. Bado hujaharibu mihogo."

Jua lilikuwa linapanda. Akaita pikipiki mbili, moja yake, nyingine yangu na beseni. Nilifika soko la Kamembe nikiwa na matope ya umuganda miguuni na maji ya samaki mapajani.

"Huku hakuna aliyekusikia," akasema. "Simama hapo. Batu bakikuuliza kitu, sema bonjour tu."

Jirani wa zamani akapita. "Papa, siku hizi unauza sambaza?"

"Bonjour," nikajibu.

Kabla ya adhuhuri beseni lilikuwa tupu. Nikawaza wale wavuvi wa Japani, ambao habari zao zilifika kila soko kabla ya samaki wao. Wao hawakuwa na Kamembe ya kukimbilia. Niliona ni jambo zito, linalofaa kuelezwa vizuri. Nikamgeukia shemeji, nikafungua mdomo.

"Kaoshe beseni," akasema.