Jina la Mkono

Kaka yangu Chirau si bubu. Naanza na hilo kwa sababu nikilisikia neno lile hapa mtaani kwetu, nyuma ya hoteli za Galu, huwa siwezi kujizuia, na nimeshagombana na watu wazima mbele ya watoto wao. Chirau ni kiziwi. Maneno anayo, tena mengi kuliko mimi, na mimi Mwanarusi si mtu wa kunyamaza. Ila yake yako mikononi.

Kazi yake ni kuezeka makuti. Mapaa mengi ya hoteli kutoka Diani mpaka huku, mkono wake umepita. Nami tangu utotoni kazi yangu ya pili ni kumsemea. Dukani, kwa chifu, matangani, mimi husikiliza kisha humweleza kwa mikono, naye hunijibu nami husema kwa mdomo. Mkewe alipofariki, Mungu amrehemu, alimwachia binti mmoja, Twaiba. Huyo anasikia vizuri, lakini alianza kuongea kwa mikono kabla hajajua kutamka "maji". Wakikaa wawili wale barazani, mikono ilikwenda mbio hata mimi nikawa naachwa nyuma. Na vicheko sasa! Ungedhani nyumba ina watu kumi.

Kisha Twaiba akaolewa na Luqman, kijana wa Majoreni aliyepata kazi ya umakanika Maskati, akamfuata mumewe huko. Baadaye akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Ruwaida. Tukamshukuru Mungu, na hapo ndipo shida ya kaka yangu ilipoanzia.

Kwa viziwi, jina la mdomo ni la wenye masikio. Mtu hupewa jina la mkono, ishara moja iliyo yake peke yake, na anayempa ni kiziwi aliyemtazama akamjua: anavyocheka, anavyotembea, kile akifanyacho bila mwenyewe kujijua. Mimi langu ni vidole viwili vinavyogongana mbele ya midomo, na sababu yake mmeshaielewa. Ruwaida alikuwa hana. Chirau akimtaja husema "yule mtoto", kana kwamba ni mtoto wa wapita njia, na Twaiba alipolijua hilo alilia.

"Mpe basi," nikamwambia siku moja, nikamwonyesha picha simuni. "Ana kishimo shavuni. Gusa shavu, yakwisha."

Alinikasirikia! "Picha imesimama," akanijibu. "Mtu hasimami."

Twaiba akaanza kutuma video. Ilikuwa mpaka ifunguke, bando limeteketea. Chirau aliitazama moja mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Mimi namwona, yeye hanioni," akasema. "Mtu hapewi jina akiwa hajui nani anampa."

Na kupigiana simu ya picha? Lo, msinikumbushe. Mtandao wa simu huku kwetu ni wa kubahatisha. Kwa mwenye masikio si neno, picha ikiganda sauti hupenya, nawe unapata salamu zako. Kwa Chirau picha ikiganda ndiyo kimya. Mkono wa Twaiba ulinyanyuka ukabaki hewani, kisha ukatokea kwingine, na neno la katikati limeshapotea. Mwishowe Twaiba akawa anasema kwa mdomo, nami namfasiria baba yake. Siku moja Chirau alinishika vidole katikati ya maneno. Alipoviachia akaniambia, "Hii ni mikono yako. Mimi nataka ya mwanangu." Iliniuma, sitaki kudanganya.

Tulijaribu kwenda Ukunda, kwenye mkahawa wenye mtandao. Huko mtandao ulikuwa mzuri, watu ndio waliokuwa wabaya. Vijana wa meza ya pili wakaanza kuigiza mikono yake na kucheka. Niliwapa zao, wallahi, mpaka mwenye mkahawa akaja kunituliza. Lakini Chirau alikuwa ameshainuka, na hakukubali kurudi tena.

Habari za faiba, mtandao wa waya, yeye alizijua kabla yangu. Alikuwa juu ya paa la hoteli akibadilisha makuti, akamwona mgeni mmoja, bibi kizee, akizungumza na mjukuu wake kwenye kompyuta. Jioni ile aliponisimulia macho yalimtoka pima. Picha haikukatika hata kidogo! Mtoto alimwaga uji, na bibi akacheka papo hapo. Hoteli zile zina faiba miaka na miaka. Ni barabara ya lami tu inayotutenga: upande wa bahari wanayo, upande wetu hatuna.

Basi tukangoja. Nguzo zikaletwa, zikasimikwa, tukafurahi. Zikakaa msimu mzima wa mvua bila waya, watu wakazifungia mbuzi. Baadaye waya ukaja mpaka dukani kwa Sanga, pale kona, ukakoma hapo. Mafundi wakasema kampuni haiingii ndani ya mtaa mpaka nyumba za kutosha zikubali. Huko Maskati Ruwaida akaanza kukaa, akaanza kutambaa, na kila habari Chirau aliipata kwa mikono yangu. "Atatembea hanijui," akaniambia, kisha akapanda zake kwenye kazi yake ya makuti.

Nikaona hapa nikishika tama tutazeeka. Nikavaa buibui langu nikatoka, nyumba hata nyumba, nikaanza na Sanga mwenyewe.

"Mwanarusi, sisi simu zetu zatutosha," akaniambia.

"Zakutosha kwa sababu una masikio. Hebu leo yazibe, uongee na wanao walio Mombasa, kisha uniambie kama zakutosha."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akatazama simu yake pale mezani. Kesho yake alikubali, na akawatia maneno wengine wote wanaokopa dukani kwake. Sikumuuliza aliwaambia nini, lakini mtaa mzima ulikubali.

Fundi aliyekuja kwetu aliitwa Lewis, kijana wa bara. Akasimama mlangoni na mfuko wake. "Niaje mathe, hii kitu tunaweka wapi?"

"Mathe wa nani? Kwenu watu hawaamkiani?"

"Shikamoo, mama," akasema, uso umemshuka.

"Marahaba, mwanangu. Ingia sasa, karibu."

Alikaa sakafuni akaumenya ule waya, na mimi na Chirau tukamsimamia. Akatoa ganda, akatoa ganda jingine, ndani kukabaki kitu chembamba kuliko unywele. Nikamuuliza ndio huo waya wenyewe, au wameibiwa njiani?

"Hiyo ni glasi, mama. Humo hakupiti stima, wala hakupiti sauti. Kunapita mwanga tu. Picha, maneno, kila kitu kinageuzwa kuwa mwanga, ndio kinasafiri."

Nikamfasiria Chirau. Akaniambia nirudie. Nikarudia, akamtazama Lewis kama anayetaka kuhakikisha hatutanii. Lewis akachukua kipande cha uzi ule, upande mmoja akauunganisha na kitochi chake cha mwanga mwekundu, upande wa pili akauelekeza kwenye kiganja cha Chirau. Pakatokea nukta nyekundu katikati ya kiganja. Subhanallah! Uzi ule alikuwa ameupinda akauzungusha mguu wa meza, na mwanga ukafuata kona zote ukatoka. Kaka yangu akaifumba ngumi, akaifumbua, nukta bado ipo.

"Mwanga tu? Sauti hakuna?" akaniuliza tena kwa mkono wa pili. Nikamwambia ndivyo. "Basi hiki walitengenezewa watu kama mimi. Nyinyi mmeazima."

Lewis akauliza mzee anasema nini. Nilipomwambia, akasahau kutafuna jojo yake.

Lewis alipomaliza kuunganisha, tukampigia Twaiba. Akatokea, na mimi nikapiga ukelele, kwa maana nilimwona mpaka uzi uliochomoka kwenye ukosi wa dera lake. Hakuwa amefungua mdomo, alikuwa ameshaanza kwa mikono, na baba yake naye akaanza, hakuna anayemngoja mwenzake. Nilijaribu kuwafuata nikashindwa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mikono yangu ikakaa mapajani, sikujua niifanyie nini, nami nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Kisha Twaiba akamleta Ruwaida, akamweka sakafuni mbele ya simu. Chirau akashusha mikono. Akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye, akikunja uso kumchunguza huyu mwenye ndevu. Wakakaa hivyo. Nilitaka kusema jambo, Chirau akaninyooshea kidole ninyamaze, na hata mdomo nilikuwa sijaufungua. Mara mtoto, katika kule kustaajabu kwake, akaupeleka mkono kwenye ndewe ya sikio akaivuta. Akatazama tena, akaivuta tena.

Kaka yangu alicheka kwa kifua chote. Akajishika ndewe ya sikio, akaivuta mara mbili, akamnyooshea mtoto kidole. Twaiba akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha na yeye akaivuta yake mara mbili, akamgeukia mwanawe, na jina likawa limepita.

"Kiziwi wewe!" nikamwambia. "Mwili wote huo, ukaona sikio?"

"Mimi silitumii," akanijibu. "Nimempa yeye."

Tangu hapo walionana kila asubuhi kabla hajaenda kazini, na Twaiba akawa anamwita mwanawe kwa jina lile kutwa. Asubuhi moja nilikuwa naleta chai nikamkuta Chirau amekaa peke yake mbele ya skrini. Twaiba alikuwa ameingia jikoni kwake. Ruwaida alikuwa mbali kidogo, anagonganisha vifuniko vya sufuria, hana habari na mtu. Chirau akapunga mkono. Mtoto akainua macho. Chirau akaivuta ndewe ya sikio, mara mbili.

Ruwaida akaviacha vifuniko. Akaja akitambaa, mbio, akaja, akaja, mpaka uso wake ukajaa skrini nzima, akabandika kiganja kwenye kioo.

Mnaelewa nilichokiona? Kaka yangu hajawahi kumwita mtu wa mbali akaja. Maisha yake yote akikutaka lazima akufuate akuguse bega, au apige mguu chini sakafu itetemeke. Na sasa amekaa Galu, amemwita mtu aliye Maskati, na mtu huyo ameitika.

Chai niliimwaga. Nilipiga vigelegele mpaka Sanga akaja mbio kutoka dukani kwake akiuliza kuna nini. Chirau hakutusikia. Alikuwa anamwita tena.