Kwa Nini Imondo Ni ya Wanaume

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, hapa Kakamega mjini, hubabua kuku kila Jumapili kabla ya saa sita. Akishamnyonyoa, humgeuzageuza juu ya makaa ili vile vinyoya vidogo viungue, na harufu yake hupanda ngazi na kuingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Wapangaji wenzangu hulalamika. Mimi hufungua dirisha zaidi. Harufu hiyo hunirudisha Mautuma, kwenye nyumba yetu ya mabati, mwaka niliokuwa darasa la tano, Senje Rodha alipokuja kukaa nasi.

Senje ni shangazi, dada yake baba. Alikuwa ameolewa upande wa Mayoni, kwenye miwa, na alifika kwetu msimu wa kupanda mahindi akiwa na begi moja na mfuko wa viazi vitamu. Alipoulizwa kulikoni, alisema ni mambo ya nyumba tu. Baba hakumchimba. Kaka kwetu hamwulizi dada yake mambo ya chumbani, na dada naye hayasemi.

Niwaambie ukweli, mimi sikujali kilichomleta. Nilichojali ni kwamba amehamia kwetu mtu aliyejua kila kitu duniani kilianzia wapi. Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alishachoka na mimi, na baba alinijibu kwa neno moja, "Kasome." Senje alinijibu papo hapo, huku mikono yake ikiendelea kupukuchua mahindi, na uso wake mkavu kabisa.

Sufuria haina mkono, aliniambia, kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa karibu kuuweka, mara mama mkwe wake akatokea njiani. Kwetu mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe. Fundi akatoka mbio, na kazi ikabaki hivyo mpaka leo. Kifungo cha shati kina matundu manne kwa sababu aliyekibuni alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alidai matundu yake mawili. Mwavuli mweusi ulishonwa kwanza na padri mmoja mnene, kutokana na kanzu iliyokuwa imembana. Chupa ya chai je? Hiyo ilibuniwa na mwanamke aliyeolewa na mwanamume mchelewaji.

Hiyo ya chupa ya chai niliipeleka shuleni. Mwalimu wa sayansi aliuliza ni nini kinachofanya chai ikae moto humo ndani, nami nikanyoosha mkono juu kabisa, nikasimama, nikamweleza habari za yule mume. Darasa zima lilicheka hadi mwalimu akagonga meza. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

"Mwalimu wako yeye amesoma kwa kitabu," Senje alinituliza. "Mimi nimeongea na wenyewe."

Baba alisikia, akatikisa kichwa. "Dada, utaniharibia huyu mtoto masomo."

Senje alikuwa pia na kidole kilichopinda, kile cha shahada cha mkono wa kulia. Kilienda sawa mpaka katikati, kisha kikageukia upande. Baba alikuwa ameambiwa kilibanwa na mlango wa posho mill, kule wanakosagia unga. Mimi niliambiwa tofauti: kwamba kilipinda kwa kuwaelekeza wageni njia ya kwenda soko la Mayoni, maana barabara yenyewe ina kona. Niliyaweka majibu hayo mawili kichwani, pamoja na ya sufuria na ya kifungo, na sikuona shida yoyote.

Mahindi yalipokomaa, habari zikaja kwamba shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, angefika Jumapili kumrudisha. Jina lake Mzee Ambani. Baba alikubali. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimetolewa zamani, nyumba ya Senje ilikuwa Mayoni, na yeye mwenyewe hakuwa ametoa sababu ya kubaki. Jumamosi nilimkuta akikunja nguo zake, akiziingiza begini moja moja. Niliumia. Nilijificha nyuma ya ghala nikalia mpaka kwikwi zikanishika, kisha nikarudi na swali, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumzuia mtu.

Nilimwuliza kuhusu imondo. Ndiyo firigisi ya kuku. Kwetu imondo ilikuwa ya baba, au ya mgeni wa kiume aliyeheshimiwa, na msichana aliyeidokoa jikoni aliambiwa mambo ya kutisha kuhusu ndoa yake ya baadaye. Nilitaka kujua nani alianza.

Kwa mara ya kwanza Senje alifikiri kabla ya kujibu. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Mwanaume wa kwanza kupewa imondo alikuwanga na kelele sana," alisema. "Bibi yake akaangalia hiyo kuku, akatafuta nyama ngumu kuliko zote, akamwekea kwa sahani. Akatafuna, akatafuna. Kabla amalize, bibi na watoto walikuwa wamekula kwa amani. Yeye akafikiria ni heshima."

Nilicheka nikashika mbavu. Senje naye alicheka, kisha akafunga zipu ya begi.

Kesho yake kuku alibabuliwa. Mzee Ambani alifika na koti la kijivu na fimbo, akakaa kwenye kiti cha baba. Mimi ndiye niliyezunguka na jagi na beseni kuwanawisha mikono, na nilipomaliza nilikaa pale mlangoni nikisubiri wamalize kula. Kina mama walikuwa jikoni. Obusuma, ugali wetu, uliwekwa katikati, mvuke ukipanda, na imondo ikawekwa mbele ya mgeni.

Aliiinua ili niione. Wageni hupenda kuwatania watoto.

"Wewe msichana, unajua hii ni ya nani?"

"Ni ya mwanaume, guka," nilimjibu, maana kila mzee kwetu alikuwa babu.

"Na unajua ni kwa nini?"

Kama kuna swali ambalo sikupaswa kuulizwa siku ile, ni hilo. Nilisimama wima kama darasani na kumwelezea yote: kelele, nyama ngumu, bibi, watoto, amani. Mzee Ambani alikuwa ameshaiingiza imondo mdomoni. Alitafuna polepole, akaacha kutafuna, akaendelea, na baba akatazama sahani yake kwa nguvu zote ili asicheke.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Senje."

Akameza. Akatoa kicheko kidogo kisicho na raha. "Ni huu mdomo," alimwambia baba. "Ni huu huu ulifanya ndugu yangu amvunje kidole. Na bado haachangi!"

Alisema kama mtu anayesimulia kichekesho. Aliponyoosha mkono kumega obusuma mwingine, baba alikuwa ameshaweka tonge lake chini.

"Kidole gani?"

Mgeni alichovya tonge lake kwenye mchuzi. Baba aliita, "Rodha!" Senje akatokea kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na ile mikono iliyokuwa haitulii ikawa imetulia. Baba alimtazama kidole, kisha uso.

"Dada. Ilikuwa mlango wa posho mill?"

Senje naye alikitazama kile kidole. Nilisubiri atoe jibu jipya, maana sikuwahi kumwona akikosa.

"Hapana," alisema.

Baba hakupaza sauti. Alimwambia Mzee Ambani amalize kula bila haraka, na kwamba akimaliza angemsindikiza mpaka stage ya matatu. "Dada yangu hatoki hapa." Mzee aliinuka bila kumaliza. Mimi nilibaki na beseni la maji machafu, nikiamini nimeharibu Jumapili, nimemtia senje yangu aibu, na kichapo kiko njiani.

Jioni tuliosha vyombo pamoja. Nilimwomba msamaha nikilia. Alinifuta pua kwa ncha ya leso yake.

"Unalilia nini? Wewe ndiyo umenisaidia."

"Kwa nini hukumwambia baba mwenyewe?"

"Sasa ningeanzia wapi, Nafula?"

Nilishangaa sana, hata machozi yakakauka. Mwanamke aliyejua mwanzo wa kila kitu ananiuliza mimi aanzie wapi! Nilidhani ananitania.

Nilikuwa nimeshaolewa na kupata watoto ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akinitania hata kidogo. Habari za sufuria, padri na wale wake wawili zilimtoka kwa urahisi kwa sababu hakuwepo zilipotokea. Ile ya Mayoni aliiona kwa macho yake, na katika maneno yote aliyokuwa nayo hakupata hata moja la kuianza. Mimi nilimpenda kwa kujibu maswali yangu, na katika miezi yote hiyo sikuwahi kumwuliza hata mara moja kama yu mzima.