Jino la Mwalimu Zita

Wazazi wengi wa kijiji cha Tumati walitaka watoto wao wa darasa la kwanza waanzie kwa Mwalimu Zita. Hakuwa mkali, wala hakuwa na sauti kubwa. Sifa yake ilikuwa kinywa chake. Akifundisha herufi m, alibana midomo mpaka mashavu yakamvimba. Akifika kwenye f, aliuma mdomo wa chini kwa meno ya juu, akapuliza, na watoto waliofika shuleni wakijua Kiiraqw cha nyumbani peke yake wakamkazia macho na kupuliza vilevile. Mpaka wakati wa mavuno, wengi walikuwa wanasoma.

Jino lililomsumbua lilikuwa la mbele, la juu. Alipokuwa msichana, kwao Tlawi, ng'ombe aliyekuwa akimfunga kamba alirusha kichwa kikampiga mdomoni. Jino halikung'oka, ila lilikufa, likawa la kijivu. Alipoajiriwa alienda kwa daktari, likasafishwa mzizi, likajazwa, likatiwa msumari mdogo wa chuma ndani na kuvikwa kofia nyeupe. Likapendeza. Hata mumewe, Clement, alimwoa bila kujua kwamba jino lile lina historia.

Kisha, baada ya miaka mingi ya amani, kikatokea kipele juu ya ufizi. Hakikuuma. Akikibonyeza kwa ulimi kilitoa majimaji yenye chumvichumvi, na yale majimaji yalinuka. Kilinywea, kikarudi. Zita alijua ni usaha. Alijua pia kwamba yeye ndiye anayekagua meno na kucha za watoto mstarini kila Jumatatu, na kwamba mara kadhaa amemrudisha mtoto nyumbani mbele ya wenzake akapige mswaki. Sasa aende zahanati, akae kwenye benchi na mama wa mtoto huyohuyo, aseme nini? Kwamba mwalimu ananuka kinywa?

Alipiga mswaki asubuhi, mchana na jioni mpaka fizi zikatoka damu. Harufu haikuondoka, kwa sababu haikutoka kwenye uchafu wa meno. Clement alilima vitunguu saumu, nyumba nzima ilijaa mafungu yake, basi Zita akaanza kutafuna punje moja kila mara kabla ya kuingia darasani. Aliona afadhali anuke kitunguu. Nyingine aliibana kati ya mdomo na kile kipele, akaiacha imchome, akidhani itakiua.

Na akaanza kuweka kiganja mdomoni. Kwanza akiongea na walimu wenzake, halafu akisalimia watu njiani, halafu darasani. Aliandika zaidi ubaoni, akisoma akiwa amewapa watoto mgongo. Nyumbani alilala akitazama ukuta.

"Nimekukosea nini?" Clement alimuuliza siku moja.

"Nina mafua tu," akajibu nyuma ya kiganja chake.

Mwaka ukapita hivyo.

Siku moja alikuja mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani, mama mmoja mpole aitwaye Agatha. Aliingia darasa la kwanza, akasalimiwa kwa kelele, akaomba mtoto mmoja asome sentensi ya ubaoni. Akasimama Yona, mtoto mdogo wa mstari wa mbele. Kabla ya kufungua mdomo, Yona aliinua mkono wa kulia, akafunika kinywa kwa kiganja, ndipo akaanza kusoma.

"Toa mkono, mwanangu, nisikie," Agatha akasema.

Yona akautoa. Akamtazama Zita, akababaika, neno likamkwama. Akaurudisha mkono, akaendelea.

Agatha akamsimamisha msichana wa pembeni. Naye akafunika kinywa. Akamsimamisha wa nyuma kabisa. Vilevile. Na wote, paka wakamwita baka, na baba wakamwita papa.

"Nani amewafundisha kusoma hivi?" Agatha akauliza, akitabasamu, akidhani ni mchezo.

"Mwalimuuu!" darasa zima likaitikia.

Zita alikuwa amesimama kando ya ubao, kiganja kikiwa mdomoni. Alikishusha. Hakujua akiweke wapi. Akatamani sakafu ya saruji ipasuke. Hakuna aliyemcheka. Watoto walimtazama wakisubiri sifa, kwa maana walikuwa wamefanya sawasawa na mwalimu wao.

Walipotoka nje Agatha akamuuliza taratibu, "Mwalimu, una shida gani?"

"Sina shida, mama."

Hata uongo ule aliusema akiwa ameinamisha kichwa pembeni, upepo usipeleke pumzi yake kwa mgeni.

Jioni alimkuta Clement uani akifunga vitunguu mafungu. Akachuchumaa mbele yake.

"Clement, ninuse kinywa."

"Nini?"

"Ninuse."

Akafungua mdomo. Clement akasogeza uso, akanusa, hakurudi nyuma.

"Naijua hii harufu," akasema. "Siku nyingi. Nilishindwa kukuambia, nikasema mwenyewe utaniambia. Ulipoanza kulala ukitazama ukuta nikafikiri umenichoka."

Zita akalia. Kumbe mwaka mzima alikuwa akificha kitu kinachojulikana, na aliowaumiza kwa kuficha kwake ni watoto tu.

Wiki hiyo waliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, wakaenda Arusha. Daktari wa meno, dada kijana aitwaye Evaline, aliinua mdomo wa Zita kwa kidole.

"Mama, hapa kwenye ufizi umeweka nini? Pameungua."

"Sijaweka kitu."

Daktari hakubishana. Alisogeza taa, akatazama tena.

"Kitunguu saumu," Zita akasema hatimaye. Clement, aliyekaa mlangoni, akainamisha kichwa.

Picha ya eksirei ilionyesha jino na msumari wake na, kwenye ncha ya mzizi, doa jeusi la mviringo ndani ya mfupa.

"Usaha unatoka hapa," Evaline akaeleza. "Mswaki haufiki, na wala siyo kosa la mswaki. Nikitaka kuusafisha mzizi upya itabidi ning'oe huu msumari, na mzizi unaweza kupasuka. Nitapita upande mwingine. Nitafungua ufizi, nitoboe mfupa kidogo, nikate ncha ya mzizi iliyooza, nisafishe, nizibe mwisho wake, nishone. Jino libaki."

"Si ungeling'oa tu?"

"Naweza. Wewe unataka?"

Zita akafikiria herufi f. "Hapana. Libaki."

Walimchoma ganzi. Hakusikia maumivu, alisikia mashine ikinguruma ndani ya kichwa na maji ya baridi yakinyonywa. Kilichomtoa machozi ni kulala vile chini ya taa, kinywa wazi, nyuso mbili, ya daktari na ya msaidizi wake, zikiwa karibu na pumzi yake.

"Nakuumiza?" Evaline akauliza.

Akaashiria hapana kwa kidole. Hawakuziba pua. Kwao ilikuwa kazi.

Alirudi Tumati na uso uliovimba, akanywa uji wa vuguvugu mpaka nyuzi zilipotolewa. Ufizi ulipanda kidogo, ukaacha mstari mweusi juu ya kofia ya jino, unaoonekana akicheka. Harufu iliisha. Ila aliporudi darasani watoto walisimama, wakafunika vinywa na kumsalimu, na aibu ikamrudia upya.

Katika kikao cha wazazi aliomba kusema.

"Watoto wenu wamechelewa kusoma kwa sababu yangu. Nilikuwa na ugonjwa kinywani, nikauficha. Nao wakaiga."

Mzee Hhando, babu yake Yona, akainuka kwa fimbo yake.

"Shikamoo, babu," Zita akasema.

"Marahaba. Mwalimu, niulize vizuri. Huo ugonjwa ulikuwa unakuuma?"

"Hapana, babu. Haukuuma."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa aibu tu?"

"Kwa aibu tu."

Mzee akatikisa kichwa, akaketi. Hakumlaumu, hakumsamehe. Baadhi ya akina mama walitazama chini.

Muhula ule Zita alibaki na watoto kila baada ya masomo. Alipiga magoti mbele ya mmoja mmoja, akamshika kiganja, akamwekea karibu na midomo yake ausikie upepo wa p. Wengi walifunguka haraka. Wachache walichukua muda, na kila alipomwona mmoja wao akiinua mkono, moyo ulimchoma.

Alipoenda Arusha kuangaliwa tena, lile doa kwenye picha lilikuwa limepungua, mfupa ukijijaza.

"Jino litadumu?" akauliza.

"Linaweza kudumu sana," Evaline akasema, "na linaweza kusumbua tena. Siwezi kukuahidi. Likianza, usikae nalo."

"Nitakuja," Zita akasema, akainuka kwenye kiti, akamfuata Clement nje.