Diploma Ishirini na Saba za Madame Masika

Simu ya préfet, mkuu wa sekondari aliyofundisha zamani kule Bungulu, mtaa wa Beni, ilimkuta Madame Masika amekaa kwenye benchi ya darasa la kwanza, viatu amevivua, miguu imevimba. Watoto walikuwa wameshatoka. Anafundisha kwenye shule moja ya msingi hapa Butembo, watoto sitini na nane kwenye chumba kimoja, na ikifika saa saba hana nguvu hata ya kusimama afunge dirisha.

"Madame, diploma zimefika," préfet alisema.

"Diploma gani?"

"Za sixième pédagogique, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Weye njo ulikuwaka titulaire wabo. Miye niko mugeni hapa Bungulu, sijue hata mumoja."

Lilikuwa darasa la mwisho la sekondari ya ualimu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Wanafunzi wale walipomaliza walipewa karatasi ya muda tu, ile attestation, wakaambiwa diploma zenyewe zitafuata. Mwaka wa kwanza walipita ofisini kila juma kuuliza. Mwaka wa pili, mara moja kwa mwezi. Kisha wakaacha kuuliza, na yeye mwenyewe akahama Beni na watoto wake wawili, maana mtaa wao ulikuwa umebaki na mbuzi wengi kuliko watu.

"Sasa miye nifanye nini, Monsieur le préfet?"

"Kuya uzichukue, utafute benyewe. Mukiziacha hapa, panya zitakula."

Hakutaka kwenda. Jumamosi ndiyo siku yake moja ya kulala. Lakini Jumamosi ilipofika alivaa viatu, akapanda gari la Beni, akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Darasa lile lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Darasa la kelele, darasa la kuchekacheka, ambalo walimu wengine walikuwa wanaliogopa. Masika alilibeba mwaka mzima. Miezi mitatu ya mwisho aliwaita hata Jumamosi kurudia Kifaransa na pedagogia, nao wakaja na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya mifuko, wakala huku wanaandika. Matokeo ya examen d'État, mtihani wa taifa, yalipotoka, ishirini na saba walikuwa wamepata. Walijimwagia poda vichwani mpaka wakafanana na wazee, wakazunguka Bungulu yote wakiimba, na wamama wakatoka kwenye milango kuwapigia vigelegele. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi, watu wakaanza kuuawa pembeni ya mji, na mashamba yakawa mahali pa kuogopa.

Vagheni, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, alikufa mwaka uliofuata akivuna kakao kwenye shamba la mama yake. Masika alisikia jina lake kwenye redio akiwa anafua nguo. Hakwenda kwenye matanga. Juma lile mtoto wake mdogo alikuwa na malaria, na barabara haikuwa nzuri. Ndivyo alivyojiambia siku zile.

Préfet, mtu mmoja mwembamba aitwaye Kasika, alimpa bahasha kubwa iliyofungwa kwa kamba ya katani. Masika alisoma majina moja moja, amesimama. Wakati bado anasoma, mtu mnene akaingia, akapangusa mikono kwenye suruali kabla ya kumsalimia.

"Madame! Hapana kunijua?"

Alikuwa Lukman. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo, mmoja wa Waislamu wa mwanzo kununua lori kule Beni, na Lukman alikuwa akilala darasani kwa sababu saa kumi za alfajiri walikuwa wameshaanza kupakia. Préfet alikuwa ameliona jina lake na namba ya simu kwenye mlango wa Fuso, akampigia.

Lukman aliishika diploma yake kwa ncha za vidole. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Asilimia makumi tano na mbili," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo niko na batoto bane."

"Utaifanyia nini?"

"Nitapelekea baba. Iye njo alinisomesha. Macho yake haione tena vizuri, mais atashika."

Masika alimwonyesha bahasha. Alikuwa na namba za simu za watu watatu tu, na mbili zilikuwa hazipiti.

"Batatafutwa na nani? Miye nimechoka, Lukman."

"Ulizia Abigaïl. Iye anajua bote. Iko anauzisha samaki pale kwenu Butembo, soko ya pembeni ya barabara kubwa. Hata kwa ndoa yangu, iye njo aliita benzetu."

"Abigaïl gani?"

"Ule alianguka, Madame."

Ni kweli, wanne walikuwa wameanguka mtihani. Masika alilikumbuka jina, sura haikuja.

Jumatatu baada ya kazi alipita sokoni. Abigaïl alikuwa amesimama nyuma ya meza ya tilapia za kukaushwa kutoka Kyavinyonge, amefunga kitambaa kichwani, mikono inang'aa mafuta. Alimwona Masika kabla Masika hajamwona.

"Madame! Kuya kwenye kivuli. Umekonda!"

Masika alipomweleza, Abigaïl aliifuta mikono, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Humo hakuwa ameandika ukoo wa mtu wala kazi yake. Aliandika mahali mtu alipokaa darasani. *Élysée banc ya mbele. Sikuli dirisha. Hadassa kwa mlango.* Akaanza kupiga palepale, sauti kubwa, huku anapimia wateja samaki kwa mkono mwingine. Sikuli anachimba dhahabu upande wa Mangurujipa, akasema dada yake atapita kuchukua. Hadassa anazaa karibu, mume wake atakuja. Wawili walikuwa Goma, mmoja Bunia. Wengine walilia kwenye simu, wengine waliuliza mara tatu kama si utani.

Élysée alikuwa Kampala. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza wa darasa, asilimia sabini na moja. Abigaïl aliweka sauti ya wazi ili Masika aongee naye.

"Élysée, ni miye, Madame Masika. Diploma yako iko hapa kwa mukono yangu."

Kulikuwa na mlio wa cherehani upande ule, kisha ukakatika.

"Madame, nilikuyaka kwa bureau mara ngapi?" Élysée aliuliza. "Unakumbuka? Nilipataka nafasi ya kufundisha kule Oicha. Walisema bila diploma hapana. Nilikuya kukulilia."

"Nakumbuka."

"Sasa ina nini? Miye nashona bilauzi za batu."

Masika aliiangalia meza, samaki waliopangwa kichwa na mkia.

"Unichungie tu," Élysée akasema mwishoni, sauti imeshuka. "Hapana kutupa. Mutoto wangu ataiona siku moja." Cherehani ikaanza tena.

Wakaendelea mpaka betri ikaisha. Masika alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo unamuuma. Akamuuliza Abigaïl kitu ambacho alikuwa anakizungusha kichwani tangu alipofika.

"Weye haukupata diploma. Juu ya nini unachunga batu hawa bote?"

Abigaïl aliendelea kupanga samaki.

"Madame, unakumbuka maneno uliniambia siku ya matokeo?"

"Hapana."

"Ulisema, 'Abigaïl, umenichokesha. Rudia kwenu ukalime.'"

Masika alitafuta siku ile kwa nguvu zake zote. Aliona poda, aliona wamama kwenye milango, alisikia nyimbo. Hakumwona Abigaïl popote. Na hilo ndilo lililomchoma kuliko maneno yenyewe. Alikuwa amemvunja mtoto wa mtu moyo, na hakubaki hata na kumbukumbu yake.

"Nilisema vile?"

"Ehe. Mbele ya bote. Nikarudia kwetu, nikalima. Kisha mashamba ikakuwa ya vita, nikakuya huku." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja njia aliyopita. "Siku ile nilikaa nyuma ya latrine nikilia, na Vagheni njo alikuya kunitoa kule. Alinipaka poda kwa uso. Akasema, 'Hata weye uko wa promotion yetu, darasa yetu.' Basi. Nikashika ile."

"Unisamehe, mwanangu."

"Ulikuwa umechoka, Madame. Na sisi benyewe tulikuwa tunachokesha." Mteja akafika, akaomba samaki watatu wakubwa, na Abigaïl akageuka kumhudumia.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Beni pamoja. Lukman aliwachukua kwenye kituo, akawafikisha mtaa wa Beu, kwa Mama Kahongya, mama yake Vagheni. Njiani Masika alimwuliza Abigaïl kama alikuwa kwenye matanga ya Vagheni. Abigaïl akasema alikuwako, walikuwa kumi na wawili, walikuja na uniform zao za shule kwa sababu hawakuwa na nguo nyingine zinazofanana. Masika akaangalia nje.

Mama Kahongya alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, mbele ya mlango. Alimkumbatia Abigaïl kama binti yake. Masika akapewa mkono tu.

"Weye njo nani, mama?"

"Nilimfundisha Vagheni. Sixième."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini, na uso wake ukabadilika polepole.

"Weye njo Madame Masika? Vagheni alikuwa anakuigiza hapa!" Akaweka ungo chini, akasimama kwa shida, akashika kiuno kwa mkono mmoja na mkono mwingine akauweka kwenye paji la uso, akatembea hatua nne akiburuta miguu. "*Taisez-vous, mes enfants.* Nyamazeni! Nimechoka. Nimechoka. Mungu wangu, nimechoka!"

Abigaïl alicheka mpaka akajishikilia ukuta. Lukman alikuwa ameinama. Masika naye akacheka, kwa sababu ilikuwa ni yeye kabisa, mguu kwa mguu, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka, na hakuweza kuyazuia. Mama Kahongya akamkalisha kwenye kiti chake.

"Sikukuya kwa matanga," Masika alisema.

"Wengi hawakukuya. Batu balikufa bengi. Hakuna mutu angefika kwa bote."

Wakampa diploma. Mama Kahongya hajui kusoma. Aliomba Madame asome, na Masika akasoma kila neno, Kifaransa chote, kisha akarudia kwa Kiswahili. Alipofika kwenye asilimia sitini na moja, yule mama alimkata.

"Ile iko mingi?"

"Iko mingi, mama. Wachache walipata vile."

"Aliniambiaka amepata mingi. Nikasema na roho yangu, anajivuna tu, hakuna mutoto wa huku anapata vile." Alipitisha kidole juu ya karatasi. "Basi alisema kweli."

Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia ndani ya pindo la kitenge chake na kufunga fundo. Masika alitaka kumwambia kwamba diploma haikunjwi.

"Wasingya," Mama Kahongya alishukuru kwa Kinande, akarudia kwenye maharagwe yake.

Wakati wa kurudi Butembo, ndani ya gari, Masika alimwambia Abigaïl kwamba mtu anaweza kuandikisha jina na kufanya mtihani tena bila kukaa shuleni. Wengi wanafanya. Angemsaidia Kifaransa, hata jioni, hata Jumapili baada ya misa.

"Madame, na weye unalalaka siku gani?"

"Nitapata siku."

Abigaïl alifikiri. Gari lilikuwa limesimama kwenye barrière, askari anaangalia karatasi za watu.

"Mwaka huu hapana," alisema. "Niko na batoto na meza ya samaki. Mwaka ujao uniulizie tena. Mais ukiniulizia, uniulizie na sauti nzuri."

Masika akasema ndiyo. Kabla gari halijaondoka, Abigaïl alikuwa ameshalala, kichwa kwenye bega lake, na Masika hakusogea mpaka Butembo, ijapokuwa mkono ulikufa ganzi.

Mpaka leo diploma ishirini na mbili zimefika kwa wenyewe au kwa watu wao. Ya Élysée iko ndani ya sanduku la Masika, imelazwa kati ya mashuka mawili. Nne zimebaki kwenye bahasha. Za wawili, Abigaïl alipata habari kwamba walichukuliwa porini na hawajarudi. Za wawili wengine, hakuna mtu anayejua lolote. Siku za soko kubwa, watu wa Beni wakipita kwenye meza ya Abigaïl, bado anawaulizia wale wanne kwa majina.