Masomo ya Mama Ubongo

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Ubongo, naye hakulikasirikia. Pale chuoni ni yeye tu aliyefundisha jinsi ubongo unavyoamua kununua, kuweka akiba au kujitosa kwenye hasara. Wanauchumi walimwona ni wa madaktari. Madaktari wakamwona ni wa wanauchumi. Akawa popo, si ndege si mnyama. Chai alikunywa ofisini, mlango wazi, huenda akapita mtu wa kuongea naye.

Mwaka wanafunzi walipopungua, mkuu wa idara alimwita.

"Mama, somo lako tulipumzishe kidogo."

"Likilala, litaamka lini?"

Mkuu akacheka kwa aibu, akageukia simu yake.

Mama Ubongo akarudi ofisini, akafungua kompyuta. Slaidi, mazoezi, michezo ya darasani: jasho la miaka mingi. Kuliko vioze humo, akaviweka vyote mtandaoni, mhadhiri yeyote avichukue bure. Binti yake, aliyeolewa mbali, alishangaa kwenye simu.

"Mama, unagawa kazi yako kama karanga?"

"Nikifa nayo itamfaa nani?"

"Basi angalau watakuandikia kukushukuru."

Hakuna aliyeandika. Kila asubuhi alifungua barua pepe kabla hata hajashusha mkoba begani, akakuta matangazo ya vikao. Akaanza kuamini ametwanga maji kwenye kinu.

Baadaye alialikwa chuo cha mji mwingine kukagua mitihani. Akipita ukumbini, alisikia sauti ya kike ikitoka darasani.

"Sasa, kuna mzee mmoja. Kila akienda kununua viatu hujaribu nusu ya duka, kisha hutoka na vya kahawia, sawasawa na vile alivyoingia navyo!"

Darasa likaangua kicheko.

Mama Ubongo akasimama mlangoni. Mzee yule alikuwa marehemu mumewe. Alimtia kwenye slaidi baada ya mazishi, kwa kuwa nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kumsimulia vituko vyake. Na sasa watu wasiomjua walikuwa wanacheka palepale alipokuwa akicheka yeye.

Akaingia polepole, akakaa nyuma kabisa. Kipindi kilipokwisha akamfuata mwalimu, msichana mwembamba mwenye chaki hadi kwenye nyusi.

"Mwanangu, mfano wa viatu umeutoa wapi?"

"Kuna mama aliweka masomo yake mtandaoni. Bila yeye ningezama. Somo hili nalifundisha peke yangu, sina hata wa kumuuliza."

"Mbona hukumwandikia?"

"Niliogopa kumsumbua. Mtu kama yule hakosi watu."

Mama Ubongo akatazama dirishani. "Anawakosa," akasema. "Ni mimi."

Msichana akaziba mdomo kwa kiganja. Shikamoo ikamtoka kwa kuchelewa. Wakaketi kwenye viti vya wanafunzi, wakabishana slaidi kwa slaidi mpaka mfagizi akaja kuwatoa.

Chuoni kwake somo halikuamka tena, na mwishowe alistaafu. Yule msichana humpigia akikwama, na siku nyingine bila kukwama. Asipopiga, nyumba huwa kimya tangu asubuhi hadi jioni, na Mama Ubongo huongea na redio. Akipiga, huepua sufuria jikoni, akavuta kiti, akasema, "Haya mwanangu, leo wanafunzi wamekushinda wapi?"